Vishikio vya Kabati la Dada

Shemeji yangu akianza kukereza, macho yake hufumba nusu na mdomo hulegea kidogo, na mtu asiyemjua angesema mzee amepitiwa na usingizi palepale kwenye mashine. Ndiyo maana mtaani wanamwita Fundi Ndoto. Mimi nilimwita hivyo kabla yao, kwa sababu ameoa dada yangu na utani ni haki yangu, wala hajawahi kunijibu zaidi ya kusema, "Shemeji, we shona nguo zako."

Lakini halali. Anasikiliza. Mashine yake ni ndogo, ya zamani, inaendeshwa na mota iliyong'olewa kwenye kitu kingine ambacho hakuna anayekumbuka kilikuwa nini, na mkanda wake wa ngozi nimeushona mara nyingi hadi nimeacha kudai shukrani. Kipande cha nondo ya shaba ya manjano kinabanwa kwenye taya za mashine, kinazunguka, na yeye anashika patasi kwa mikono miwili, ameilaza juu ya egemeo la chuma, kiwiko kimebana ubavuni. Hakuna gurudumu la kusogeza kisu wala namba za kusoma. Ni mkono tu. Patasi inagusa, shaba inaimba kwa sauti ndogo, na chenga za manjano zinamwagika kwenye jua linaloingia dirishani, zikielea kidogo kabla ya kutua. Zinamwingia kwenye nyusi, kwenye vinyweleo vya mikono, kwenye mifuko. Dada yangu alikuwa akisema ameolewa na mtu anayeng'aa kama sufuria mpya, ila hasafishiki.

Anachotengeneza ni vitu vidogo: vishikio vya droo, vichwa vya makomeo, vifuniko vya ncha za fimbo za kutembelea. Ni vitu ambavyo watu hushika kila siku na hawaviangalii. Kwenye karakana anayofanyia kazi na mafundi wenzake wana desturi moja waliyoirithi kwa mafundi waliowafundisha. Ukimaliza vishikio viwili vya jozi moja, mwenzako anavichukua, anavipeleka nyuma ya mgongo wake, kimoja mkono huu na kimoja ule, anavibadilishabadilisha huku akiangalia dari. Vidole vikigundua tofauti yoyote, hata ya unywele, anavitupa kwenye debe la chakavu bila kusema neno, na wewe huruhusiwi kununa. Ujanani Shemeji alitupiwa vingi. Baadaye havikutupwa tena, hata kimoja, na mafundi wengine walianza kuvileta vya kwao pembeni mwa vyake ili kupima kama vimefaa.

Alipomwoa dada yangu alimletea kabati. Lilikuwa kabati refu kutoka duka moja lililokuwa limefunga biashara, linajaza ukuta mzima wa jikoni, lina droo ndogondogo na vilango vidogo kutoka sakafuni hadi usawa wa kidevu. Alikuwa ameng'oa vishikio vyake vya mbao na kukereza vya shaba, vyote sawasawa, safu kwa safu. Mimi nilikuwa msichana nisiyejua kufunga mdomo, nikasema zawadi ya harusi ni kitu cha kuvaa. Dada alipitisha kiganja chake juu ya vile vishikio, taratibu, akarudia tena, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia muziki kutoka chumba cha pili. Siku hiyo nilimwonea wivu, nakumbuka, ingawa sikujua ni wivu wa nini.

Miaka ilipita kama inavyopita kwa watu wasio na kelele. Walipata mtoto mmoja wa kike, akasoma, akawa muuguzi, akaenda kufanya kazi mji wa mbali. Mimi nilifiwa na mume wangu nikahamia chumba cha uani kwao, mimi na cherehani yangu. Asubuhi nilisikia droo zikifunguliwa na kufungwa jikoni, moja baada ya nyingine, na kwa sauti hiyo nilijua kwamba dada ameamka na kwamba kila kitu kiko mahali pake.

Halafu macho yake yakaanza kuaga. Hayakuondoka kwa kishindo. Kwanza alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, kisha akapoteza sura za watu wa upande wa pili wa barabara, kisha kingo za vitu vya karibu. Alisema ni kama kuna mtu anachemsha maji chumbani na hataki kufungua dirisha. Hospitali walimpa matone ya kuweka machoni, wakamwambia sehemu iliyopotea haitarudi.

Lile kabati likamgeuka. Vishikio vyote vilikuwa sawa, na droo zilikuwa nyingi. Siku moja alinikaribisha chai aliyoitia sabuni ya unga badala ya sukari. Nilimeza funda moja, nikamwambia leo tumbo langu litatakata kama shuka, tukacheka hadi tukashika mbavu. Lakini kilichofuata hakikuchekesha mtu. Alifungua droo asiyoikusudia, akameza vidonge vya kisukari vya mumewe akidhani ni vyake vya presha, na mimi ndiye niliyemkuta amelala sakafuni, jasho jembamba limemtoka, kikombe kimevunjika karibu na mkono wake.

Binti yao alifika na basi la kwanza. Alimpima mama yake, akapika, akafagia, akakaa naye hadi alipopata nguvu. Kisha akatuketisha mezani. Ana sauti ya upole, lakini akishaamua jambo, ameamua.

"Mama, sitaki kugombana," alisema. "Nitarudi likizo yangu ikifika. Nikikuta bado unaona hivi hivi, basi utabaki. Nikikuta macho yameisha, tunaondoka wote, ukakae kwangu."

"Na baba yako?" dada aliuliza.

"Kwangu ni ghorofani, mama. Chumba cha ziada kinaingia kitanda kimoja. Na baba bila ile mashine yake atafanya nini kutwa nzima?"

Shemeji alikuwa anatoa chenga za shaba kwenye mkono wa shati lake, moja moja, anazipanga juu ya meza. Niseme wazi, niliogopa kwa ajili ya dada, lakini niliogopa zaidi kwa ajili yake. Akilini nilimwona akirudi kutoka kazini jioni na kukaa peke yake kwenye meza ile.

Binti alipoondoka, dada alisema jambo moja tu. "Mdogo wangu, huko nitakuwa mgeni hata wa kikombe cha maji."

Kabla mvua hazijakatika, ile nuru iliyobaki nayo ikaisha. Asubuhi moja dada aliuliza kama kumekucha, na jua lilikuwa limemkalia mapajani. Tulikuwa naye mimi na mumewe. Hakuna aliyejibu. Dada akasubiri, akaelewa, akavuta shuka akaikunja vizuri kama mtu mwenye kazi ya kufanya. Shemeji alimshika mkono.

"Mtoto asijue," alisema. "Tafadhali, mama. Usimwambie."

Dada hakukubali wala hakukataa. Mimi nilikubali haraka, maana nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi ya kumdanganya mtoto wa watu.

Siku ileile Shemeji alisema atakereza vishikio vipya, kila droo na chake, ili mkono ujue ulipo. Alienda karakana akachora kwa chaki ukutani: kimoja cha mviringo mkubwa kama kitunguu, kimoja bapa kama kifungo cha koti, kimoja chenye kiuno, kimoja kirefu kama kidole. Mchana nilimpelekea chakula nikamkuta ameshazama. Mota inanguruma polepole, mkanda unapiga tap, tap, tap pale penye mshono wangu, vumbi la manjano limetulia hewani, na yeye katikati ya lile jua, macho nusu, anayumba kidogo na patasi yake. Nilisimama mlangoni nikasahau kwamba nimeshika sahani ya moto. Palikuwa na utulivu wa ajabu, kama ndani ya maji. Niliweka sahani kwenye benchi nikatoka bila kumsemesha.

Jioni alikuja na kopo limejaa. Nilitandika kitambaa mezani nikavimwaga vyote, nikavipanga. Nikavitazama. Nikadhani ananitania.

"Shemeji," nilisema, "hivi vyote ni kimoja."

Alisogea karibu. Kweli, kila kimoja kilikuwa na shingo ileile nyembamba, kichwa kilekile cha duara, vinang'aa vyote, wala huwezi kusema kipi kilitangulia. Alivishika viwili viwili, akavipeleka nyuma ya mgongo, akatazama dari, na uso wake ukawa wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Nilianza na kitunguu," alisema. "Nakumbuka kabisa nilianza na kitunguu."

Nilicheka, na dada akacheka, na yeye mwenyewe akacheka kidogo. Kesho yake hatukucheka sana. Alirudi na vingine ambavyo kwa macho vilitofautiana kiasi, lakini dada alipovishika alitikisa kichwa. "Hiki na hiki ni ndugu," alisema. "Na hiki ni mtoto wao." Keshokutwa ikawa vilevile. Mikono yake ilikuwa imefundishwa njia moja tangu ujana, na akishazama kwenye ile hali yake, inajiendea yenyewe kulekule. Nilimwambia basi fumbua macho, mwanamume, fanya kazi kama watu wengine. Alijaribu nikiwa nimesimama pale. Alikaza macho, akakaza mabega, na patasi ikaanza kurukaruka na kupiga kelele ya meno, shaba ikachimbika. Alizima mashine. Aligeuza debe la chakavu akalikalia.

"Nitampoteza kwa sababu ya mikono yangu hii," alisema, akiiangalia.

Nilirudi nyumbani nikamweleza dada kila kitu, pamoja na lile debe. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole. Aliendelea mpaka akamaliza ungo, akaniambia, "Nipeleke huko."

Nilimshika mkono tukaenda. Mafundi wa pale walijifanya wana kazi nyingi sana, kila mtu ameinama, na masikio yote yamesimama. Nilimkunja dada mikono ya gauni hadi mabegani, nikamfunga kitambaa cha kichwa kikakaza, maana mashine ile haibagui nguo na nywele. Alisimama nyuma ya mumewe, kiganja kimoja begani kwake, kingine kimeshika kiwiko.

"Anza," alisema. "Hiki ni cha sukari. Kiwe kinene, kijaze mkono."

Mashine ikazunguka. Macho ya Shemeji yakafumba nusu. Shaba ikaanza kuimba, chenga zikamwagika, na baada ya muda nikaona kiwiko chake kikianza kuteremka ile njia yake ya zamani. Dada akamfinya.

"Unaniumiza, mama."

"Unarudi kulekule."

Akainua kiwiko, akaendelea. Akazama tena, akafinywa tena. Walifanya hivyo hadi kile kishikio kikatoka, kinene, kifupi, kina tumbo, hakifanani na kitu chochote alichowahi kutengeneza. Fundi mmoja mzee akakichukua pamoja na kile cha uzi kilichofuata, akavipeleka nyuma ya mgongo, akatazama dari. "Hivi havifanani hata kidogo," alisema, na kwa mazoea akaelekea kwenye debe la chakavu. Shemeji alimrukia akamshika kifundo cha mkono. Sijapata kumwona akikimbia namna ile.

Tulienda siku nyingi. Nikiziwaza sasa haziachani, zimekuwa mchana mmoja mrefu wa manjano. Mimi nilikaa kwenye benchi na nguo za wateja nikipiga pindo kwa mkono, na wao wawili walisimama wamegandamana mbele ya mashine, wanayumba pamoja, dada akizungumza karibu na sikio lake. Cha uzi kiwe na kiuno. Cha chumvi kiwe bapa. Cha viberiti kiwe kirefu na chembamba. Wakati mwingine aliacha kuzungumzia droo akaanza kusema mambo mengine, ya nyumba yao ya kwanza, ya mtoto alipokuwa anatambaa, na Shemeji alimjibu kwa sauti ya chini na mkono wake haukukosea. Nilikuwa nimekaa na watu hawa miaka yote hiyo, na sikujua kwamba wanapendana kiasi kile.

Kilipofika cha dawa zake za presha, dada alisema, "Hiki usikisugue. Kiache na alama za patasi, zinikwaruze vidole."

Shemeji alizima mashine kabisa. "Siwezi kutoa kazi yenye alama, mama. Ni aibu. Mtu akiona—"

"Nani ataona? Mimi sioni."

Mimi ndiye niliyecheka kwanza, na sikuweza kuacha. Kisha mabega ya Shemeji yakaanza kutikisika kwa kicheko. Akakikereza, akakiacha na mikwaruzo yake mzunguko kwa mzunguko, akakifunga kwenye karatasi haraka ili wenzake wasikione. Kwa droo ya dawa zake mwenyewe alichimba kishimo kichwani mwa kishikio, mahali ncha ya kidole inaingia na kukaa.

Tulivifunga vyote. Dada alijifunza kabati lake upya, akipita mbele yake na kurudi, midomo ikitembea, mpaka sauti ya asubuhi ya zile droo ikarudi nikaisikia kule uani.

Likizo ya binti ikafika. Nilikuwa nimemfundisha dada ageukie wapi mtu akizungumza, na kikombe nilikiweka mahali palepale kila siku. Binti aliingia, akamkumbatia mama yake, akakaa akimtazama bila kujificha, kama wanavyotazama watu wa hospitali. Dada aliinuka akapika chai. Mkono ulienda kwenye majani, ukaenda kwenye sukari, haukusita. Wakati wa dawa ulipofika, alipitisha vidole, akafungua droo, akatoa karatasi yake ya vidonge, akameza, akafunga. Shemeji alinitazama. Nilitazama sakafu.

"Mama, kumbe matone yamekusaidia," binti alisema, na uso wake wote ukalegea. "Nilikuwa sipati usingizi kwa ajili yako."

Alivuta begi lake akatoa kitambaa cha kichwa, kipya, akakiweka mikononi mwa mama yake. "Nimekuchagulia. Rangi yake umeipenda?"

Nilifungua mdomo kusema ni ya samawati, inampendeza, na mambo yaishe. Dada alinizuia kwa kuinua kiganja.

"Rangi yake siijui," alisema. "Sioni, mwanangu. Si kidogo, sioni kabisa. Nakusikia, na ninaukumbuka uso wako, basi ndio huo ninaouangalia. Sikupenda ukose usingizi kwa ajili yangu, lakini sipendi pia ulale kwa uongo."

Binti hakumwangalia mama yake, alimwangalia baba yake.

"Baba, ulijua?"

"Mimi ndiye niliyemwambia asiseme."

"Kwa nini?"

Shemeji si mtu wa maneno. Alisugua viganja vyake kwa muda. "Ungemchukua," alisema mwishowe. "Ningerudi kutoka kazini, nifungue mlango, na ningemwambia nani kwamba nimerudi?"

Binti akauliza, polepole, "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya vishikio hivyo," dada alisema.

Ndipo binti alipogeuka akalitazama kabati, na nikaona kwamba alikuwa hajaliona tangu alipoingia. Alikitazama kikombe cha chai alichokishika. Akakiweka chini, akaenda pale ukutani, akaanza kugusa kimoja kimoja: kinene, bapa, chenye kiuno, kirefu. Alifika kwenye kile cha dawa za presha. Amekulia kwenye nyumba ya mkereza, na kidole chake kiliganda pale.

"Baba, hiki hukukimaliza."

"Nimekimaliza," Shemeji alisema.

Binti alisimama ametugeuzia mgongo muda mrefu, kidole kikizunguka kwenye ile mikwaruzo. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza hadi vidole vinauma. Alipogeuka, macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa ileile ya mtu aliyeamua.

"Nitakaa mpaka likizo iishe," alisema. "Halafu nitarudi peke yangu."

Shemeji aliteremka akakaa palepale sakafuni, pembeni ya mlango, akalia kwa sauti, bila kuficha uso. Dada hakuuliza ni nani. Aliinuka kwenye kiti, akavuka chumba moja kwa moja, mahali ambapo hapana droo, hapana ukuta, hapana kitu chochote cha kushika, akamfikia, akamwekea mkono kichwani.

"Inuka, mzee," alimwambia. "Mtoto hajala."